Bei ya Kuipenda Impreza ya Zamani

Nairobi imekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya kawaida, inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo iliokuwa nao Mombasa. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini mlima wa Limuru unalichosha. Injini yenye turbo haisumbuki hivyo. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha feni ndogo, feni ikashindilia hewa ndani ya injini, na upungufu wa nyanda za juu ukafidiwa kabla dereva hajauhisi. Hiyo ni sababu moja, ya kifizikia kabisa, iliyowafanya watu wa nyanda za juu za Kenya waipende Subaru.

Sababu ya pili ni mbio. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Impreza, katika mashindano yaliyoshindwa na Mkenya mwenzake, Ian Duncan, aliyekuwa na Toyota Celica. Miaka mitatu baadaye Colin McRae wa Uskoti akaitwaa Safari kwa Impreza iliyoandaliwa na Prodrive ya Banbury, Uingereza, na mwaka 2000 Richard Burns akaitwaa tena kwa Subaru. Bodi ya buluu, rimu za rangi ya dhahabu, namba 555 ubavuni. Mtoto aliyesimama kwenye vumbi akiliangalia gari lile likipita leo ni mtu mzima mwenye mshahara, na sehemu ya mshahara huo ina mwenyewe tangu siku ile.

Anachokitafuta ni Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992 na ambayo wajuzi huiita GC8, au ya kizazi kilichofuata. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu magari hayo hayaingii tena nchini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Impreza za kizazi cha pili zilikoma mwaka 2007, kwa hiyo mlango wa bandari ya Mombasa ulizifungia katikati ya muongo uliopita. GC8 zilifungiwa zamani zaidi. Zilizopo ndizo hizo hizo. Inayovingirika bondeni Salgaa imepungua, na inayofunguliwa vipande uani ikauzwa kama spea imepungua pia. Uzee huliondolea thamani karibu kila gari lingine barabarani, lakini hili mwuzaji wake anaweza kutaja bei akanyamaza, akijua mnunuzi hana duka la pili la kukimbilia.

Nchi jirani nazo zimeupangia umri wa gari bei yake. Tanzania haifungi mlango, ila gari dogo la abiria lililopita miaka 10 hutozwa asilimia 30 ya ziada kwa ajili ya uchakavu. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Japan kwenyewe, zilikozaliwa gari hizi, kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, wa kila baada ya miaka miwili gari likishapita miaka mitatu ya mwanzo, na kodi ya gari la petroli hupanda kwa takriban asilimia 15 likishafika miaka 13. Mjapani wa kawaida anapiga hesabu, anaona kulitunza ni mzigo, analiuza. Kwa miongo mingi gari hilo lilipakiwa melini likaja Afrika Mashariki likiwa bado zima na bei yake ikiwa ya kuvumilika.

Siku hizi kuna mnunuzi mwingine kwenye foleni. Sheria ya Marekani huruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingizwa bila kutimiza viwango vya usalama vya gari jipya, na Impreza za miaka ya tisini zimeufikia umri huo moja baada ya nyingine. Mmarekani aliyelitamani gari hilo kwenye michezo ya video sasa anaweza kulipandisha meli kihalali, naye ana dola. Bei za Japan zimepanda, na bei za spea zake zimepanda pamoja nazo.

Juu kabisa ya ngazi hiyo kuna bei zisizofanana na bei za magari. Mwaka 1998 Subaru ilitengeneza Impreza 22B, magari 400 kwa soko la Japan na mengine machache kwa nchi za nje, kusherehekea ubingwa wa dunia wa timu iliyoupata mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Moja ya gari za majaribio za toleo hilo, ambayo McRae mwenyewe aliwahi kuimiliki, iliuzwa kwa mnada Uingereza mwaka 2023 kwa pauni 480,500. Mwaka mmoja kabla ya hapo Prodrive ilitangaza kuwa itachukua Impreza za zamani za milango miwili na kuziunda upya kabisa, 25 tu, kila moja pauni 460,000 kabla ya kodi. Ni bei za kushangaza, lakini zina faida moja kwa mtu wa kawaida: zinaonyesha wazi kazi inagharimu nini ikifanywa yote, kwa wakati mmoja, na watu wanaolipwa vizuri. Mwenye gari wa Nairobi hulipia kazi ya aina hiyo hiyo kidogo kidogo, mwezi huu bushi, mwezi ujao radieta, na kwa kuwa hazijumlishi gharama hizo hajui amefika wapi.

Gari linapobadilisha mikono, deni la matengenezo linahama pamoja nalo. Mmiliki wa kwanza aliahirisha kubadilisha mkanda wa taimingi. Wa pili aliona maji yanapungua kwenye radieta akawa anaongeza kila Jumamosi. Wa tatu aliweka sailensa kubwa, akapiga picha akiwa Naivasha, akauza. Mnunuzi wa nne anakagua rangi, anasikiliza mlio, anaendesha mara mbili kuzunguka mtaa, anakabidhi pesa na kupokea funguo. Maamuzi yote ya wale watatu sasa ni yake, na yatamfikia kwa zamu bila kumuuliza kama yuko tayari.

Deni lililo maarufu kuliko yote ni la gasketi ya hedi. Injini ya Subaru imelala: silinda mbili zinaelekea kushoto, mbili kulia, na pistoni zake hupigana ngumi za ubavuni badala ya kupanda na kushuka. Mpangilio huo unaishusha injini chini na kulipa gari utulivu kwenye kona. Unamaanisha pia kwamba kuna hedi mbili na gasketi mbili, na zote mbili zimekaa kwa wima ubavuni, zikilowa maji na oili usiku na mchana. Injini ikipata joto kali mara moja tu, kwenye foleni ya Waiyaki Way feni ikiwa imekufa, gasketi inaweza kuanza kuachia. Dalili ya kwanza ni ndogo: mapovu kwenye chupa ya maji injini ikiwa inaunguruma, harufu tamu ya kulanti, mshale wa joto unaopanda mlimani na kurudi chini mteremkoni.

Fundi anayeijua kazi hiyo haoni sababu ya kuhangaika nayo ikiwa ndani ya gari. Anaitoa injini yote. Anafungua mabomba, anachomoa soketi za nyaya moja moja na kuzitia alama kwa tepu, anainyanyua kwa winchi na kuiweka juu ya tairi kuukuu. Anazivua hedi. Kisha anachukua rula ya chuma iliyonyooka sawasawa, anailaza juu ya uso wa hedi kwa mkingamo, na kujaribu kupitisha chini yake kijibapa cha chuma chembamba kuliko unywele. Kikipita, hedi imepinda. "Bosi, hii lazima iende mashine," anasema, na mwenye gari anaelewa kwamba bajeti ya asubuhi imekwisha kazi yake. Hedi inapelekwa kunolewa uso mpaka uwe tambarare. Wakati wa kurudisha, boliti zake hazikazwi tu. Zinakazwa kwa mpangilio maalumu kuanzia katikati, zinalegezwa, zinakazwa tena kwa kipimo, halafu zinazungushwa kwa pembe iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Anayekaza kwa mazoea ya mkono atalipwa leo, na gari litarudi kwake baada ya miezi kadhaa likiwa na mapovu yale yale.

Gasketi zenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Kwa kuwa injini iko nje, busara inataka mkanda wa taimingi ubadilishwe, maana katika injini hizi mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, nayo ibadilishwe. Sili za oili mbele na nyuma, zibadilishwe. Klachi imeshaonekana, na imebaki nyembamba. Kila pendekezo la fundi hapa ni la kweli, na kila moja litaokoa gharama kubwa zaidi ya kuitoa injini mara ya pili. Ndiyo maana bili hii ni ngumu kubishana nayo.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaijui mpaka iwaumize, nayo ni ya matairi. Subaru hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne wakati wote, na mfumo unaogawa nguvu hiyo unahitaji matairi manne yenye mzunguko mmoja. Tofauti inayovumilika kwenye mzunguko ni kama milimita sita tu. Tairi moja likipasuka kwenye shimo, mwenye Corolla hununua moja kuukuu kando ya barabara na safari ikaendelea. Mwenye Impreza akifanya hivyo, gurudumu lenye tairi hilo na yale mengine yatazunguka kwa kasi zisizolingana, kifaa cha katikati kitajaribu kuzisawazisha kila sekunde, kitapata joto, na baada ya muda kitakufa. Gari litaanza kung'ang'ania chini likikata kona kwenye maegesho. Tairi moja lililopasuka, kwa hesabu ya haki, ni matairi manne.

Yote hayo ni kulirudisha gari mahali lilipokuwa. Kulibadilisha ni sura nyingine, na ndiyo yenye mvuto, kwa sababu hakuna anayempigia rafiki simu usiku kumwambia amebadilisha bushi.

Mvuto huo una msingi halisi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japan waliheshimu makubaliano yasiyo rasmi ya kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280. Wahandisi walitengeneza injini zinazoweza zaidi ya hapo, wakazifunga kwa kompyuta na kwa mabomba membamba. Mwenye gari analijua hilo na anaona ni akiba iliyoachwa kwa ajili yake. Anaweka ekzosi pana. Anaweka chujio la hewa lililo wazi. Anapandisha presha ya turbo kidogo, na gari linaruka. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue anapata malipo ya papo hapo: ametoa pesa Ijumaa, Jumamosi anaisikia tofauti mgongoni.

Kilichobadilika ndani ya silinda hakionekani. Injini za WRX za Japan zilisetiwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vingi vya Kenya iko chini ya kiwango hicho. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati wake. Hewa ikishindiliwa zaidi na petroli ikawa dhaifu, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe wakati pistoni bado inapanda, na mlipuko huo huipiga pistoni usoni. Kompyuta ya gari ina kifaa cha kusikiliza mlio huo na kurudisha cheche nyuma, lakini uwezo wake una kikomo, na fundi wa kuseti aliyenakili programu iliyoandikwa kwa petroli ya nchi nyingine amekwisha kukivuka kikomo hicho. Pistoni inapasuka ukingo kwenye mifereji ya ringi. Oili inaanza kuliwa. Moshi wa buluu unatokea, na safari hii si buluu ya McRae.

Tuseme amepata fundi mwangalifu, aliyeseti kwa petroli iliyopo na kupima joto la moshi. Nguvu imepanda salama. Sasa klachi inateleza, kwa sababu ilipimwa kwa nguvu ya kiwanda. Anaweka klachi ngumu. Klachi ngumu inakabidhi mshtuko wote kwa gia boksi, na gia boksi ya gia tano ya Impreza za miaka hiyo inajulikana dunia nzima kwa kuvunjika meno. Dawa yake ni gia boksi ya gia sita kutoka STI, toleo kali zaidi la WRX, ya kizazi cha pili, imara kweli. Lakini uwiano wa difu iliyomo ndani ya gia boksi hiyo, mara nyingi 3.9, haulingani na ule wa difu ya nyuma ya gari la awali, ambao huwa 4.11 au 4.444. Difu ya nyuma lazima ibadilishwe, vinginevyo mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike. Shafti la kuziunganisha nalo halifiki. Habu zinabadilika, breki zinafuata, rimu za zamani hazipiti juu ya breki mpya. Ni kama ukwe: mahari haiishi, ila ujumbe unakuja kuwa kuna kilichobaki.

Hapa pana jambo ambalo mwandishi wa makala haya anaona linastahili kusemwa waziwazi. Gari likitoka kiwandani ni makubaliano. Klachi imekubaliana na injini, breki zimekubaliana na uzito, radieta imekubaliana na joto. Mhandisi aliyeyapanga alikuwa mbahili kwa makusudi, hakuweka chuma kikubwa pasipohitajika. Anayepandisha kitu kimoja ameyavunja makubaliano hayo yote, na anayo haki ya kufanya hivyo, gari ni lake. Lakini bei halisi ya turbo kubwa ni bei ya kuyaandika upya makubaliano yote, kipengele kwa kipengele. Wanaofilisika kwa gari la zamani mara nyingi ni watu waliolipa kipengele cha kwanza wakidhani ndiyo bei.

Timu ya Prodrive ililijua hilo. Gari lililoshinda Safari mwaka 1997 lilikuwa na bomba la kupumulia maji ya mito yakijaa, shokamzoba za safari ndefu, vyuma vya kuzuia wanyama mbele, na nyuma yake kulikuwa na mafundi waliolifungua na kulijenga upya kila baada ya mashindano. Beringi haikusubiriwa ilie. Ilibadilishwa kwa saa ilizokwisha kufanya kazi. Mashabiki wakachukua rangi ya buluu na rimu za dhahabu, na ratiba ya matengenezo ikabaki Banbury. Angechukuliwa fundi mmoja wa timu ile akaoneshwa Impreza iliyoshushwa chini, tairi zikigusa mbawa, ikijikwaruza kwenye kila tuta la Thika, swali lake la kwanza lingekuwa kuhusu oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kumwaga oili kila kilomita 5,000, kwa oili nzuri, hakumpi mtu sifa yoyote mbele ya wenzake. Ndiyo matumizi bora ya pesa katika gari hilo.

Kuhusu mlio, hata wasiopenda magari wanaujua: ule mngurumo wa kukatika-katika unaotangulia gari kona nzima. Chanzo chake ni mabomba ya ekzosi ya urefu usiolingana. Moshi wa silinda za upande mmoja husafiri mbali zaidi kuliko wa upande wa pili, mapigo yakafika kwenye turbo yakiwa yamepishana vibaya, na kupishana huko ndiko kunakotoa sauti. Kwa mtazamo wa uhandisi ni kasoro. Subaru yenyewe iliirekebisha kwenye baadhi ya magari yake ya Japan mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mabomba yanayolingana, na turbo ikaamka mapema zaidi. Kuna wenye gari waliotumia pesa nyingi kuweka mabomba hayo bora kwenye Impreza zao, wakawasha, wakakuta nguvu imeongezeka na gari wanalolipenda limenyamaza. Baadhi wamelipa tena kurudisha yale ya zamani. Hilo halipaswi kuchekwa. Mtu aliyelipa kurudisha kasoro anajua hasa alichokuwa akikinunua tangu mwanzo, na ni wachache wanaokijua.

Petroli haina siri. Oktoba 2023 lita moja ya super iliuzwa Nairobi kwa shilingi 217.36. Impreza iliyopandishwa nguvu na mguu wa dereva mwenye furaha hupata kama kilomita saba kwa lita, kwa hiyo Nairobi hadi Nakuru, kilomita 160 hivi, ilikula karibu shilingi 5,000 kwenda tu. Bei ilishuka mwaka uliofuata. Mguu wa dereva haukushuka.

Bima ni ngumu zaidi. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari lililopita miaka 12 au 15, na gari lililobadilishwa injini au turbo huzidisha mashaka yao. Mwenye gari anabaki na bima ya mtu wa tatu, ile inayomlinda aliyegongwa na si mgongaji. Kila shilingi aliyoiweka kwenye difu na gia boksi iko barabarani bila mwavuli. Thamani yake haipo kwenye karatasi yoyote, na akigongwa na asiye na bima, hasara yote ni yake. Injini iliyobadilishwa lazima iandikishwe kwenye hati ya umiliki, na wapo wasiofanya hivyo, wakagundua siku ya kuuza kwamba namba iliyoko kwenye chuma na iliyoko kwenye hati hazifanani, na mnunuzi aliyekuja na pesa taslimu akaondoka nazo.

Halafu kuna sehemu ya gharama anayobebeshwa mtu mwingine. Mtoto wa jirani anaamshwa saa nane usiku na ekzosi isiyo na sailensa. Mke au mume anajua jinsi bajeti ya jiko la nyumba mpya ilivyogeuka kuwa intakula. Na kuna barabara. Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali katika miaka ya karibuni, na wengi wao ni watembea kwa miguu na waendesha pikipiki, watu wasiokuwa na chuma chochote baina yao na bampa. Gari lenye nguvu za mashindano likijaribiwa kwenye barabara ya watu wote linacheza kamari kwa maisha yasiyo ya mwenyewe. Anayeweza kumudu turbo anaweza kumudu kiingilio cha siku ya mashindano yaliyopangwa, yenye barabara iliyofungwa na gari la wagonjwa likisubiri pembeni, na ada hiyo inapaswa kuhesabiwa ndani ya bei ya turbo tangu siku ya kwanza.

Pamoja na yote hayo, watu wanaendelea, na si wajinga. Kuna kitu gari la zamani linarudisha ambacho gari jipya haliwezi. Impreza ya 1998 inafunguka. Mwenye kuimiliki kwa miaka kadhaa akiwa na fundi mmoja mzuri anajifunza kusikia beringi ya gurudumu ikianza kuchoka, kunusa klachi, kutofautisha mtetemo wa shafti na wa tairi lisilobalansiwa. Na upande wa pili wa boneti kuna faida kubwa kuliko hiyo. Kwenye gereji za Nairobi, kutoka Eneo la Viwanda mpaka vibanda vya Kirinyaga Road, sehemu ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kuna kizazi cha mafundi kilichojifunza injini hizi bila kupita darasa lolote la kampuni. Plagi za Subaru zimefichwa ubavuni, baina ya injini na chesisi, mahali macho hayafiki. Fundi anaingiza mkono na kipande kifupi cha spana, anageuza uso pembeni, na anafanya kazi kwa vidole peke yake, huku kijana anayejifunza akimshikia tochi isiyomsaidia. Baada ya miezi kijana ataweka tochi chini na kuingiza wa kwake. Ujuzi huo umelipiwa na hawa hawa wanaoambiwa wanapoteza pesa.

Spea zenyewe zitaamua yaliyobaki. Kwa miaka mingi Nairobi na Dar es Salaam zimeishi kwa injini zilizotumika kutoka Japan, nyingine zikipitia kwa wachuuzi wa Sharjah, ambako magari yaliyokatwa nusu hurundikwa kwenye yadi na kuuzwa kwa mafungu. Chanzo hicho hutegemea Wajapani kuendelea kutupa Subaru za zamani, na kila mwaka wanazo chache za kutupa. Injini ya EJ20, ile ya WRX hizi, iliyoanza mwaka 1989, iliagwa rasmi na Subaru mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la WRX STI, magari 555, yaliyouzwa kwa kura kwa sababu waliotaka walikuwa wengi kuliko magari. Nissan ilianza mwaka 2017 kutengeneza upya spea za GT-R ya mwaka 1989, na Toyota ikafuata kwa Supra za zamani, kisha kwa Corolla AE86. Ni spea za kiwanda, mpya, na bei yake ni ya kiwanda. Mwenye GC8 wa Nakuru leo bado anaweza kuagiza injini nzima iliyotumika kwa bei anayoweza kuikopa kwenye sacco. Mafundi wengine wameanza kununua bloku za EJ20 zinapopatikana, nzima au za kukarabati, na kuziweka kando, kila moja ikiwa imepakwa grisi na kufungwa nailoni, kwa ajili ya wateja ambao injini zao bado zinakwenda vizuri.